Jibu la Binti Yangu Lilichelewa Siku Moja

Nina umri wa miaka sitini na sita. Ni mjane, ni mstaafu, na ni mkulima mdogo wa majani chai upande wa Bureti, katika Kaunti ya Kericho. Kabla ya kustaafu nilikuwa msimamizi wa masjala, yaani chumba cha kuhifadhia mafaili, katika ofisi moja ya serikali. Nilifanya kazi katika ofisi hiyo kwa miaka thelathini na saba, na hakuna faili hata moja iliyopotea mikononi mwangu.

Nayaandika haya nikiwa na hasira. Nisamehewe kwa hilo. Kila Jumapili baada ya ibada, sisi wazee husimama nje ya kanisa tukawalalamikia vijana. Kwamba hawasikii. Kwamba hawana mpango. Kwamba sisi hatukuwa hivyo! Kwa muda mrefu mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa malalamiko hayo, ingawa hakuna aliyenichagua. Sasa nikiwasikia wenzangu wakianza, huondoka kimya nikaenda nyumbani, kwa sababu ninajua sentensi hizo zilinigharimu nini.

Mke wangu, Tabutany, aliaga dunia miaka sita iliyopita, katika mwezi ule ule niliostaafu. Alikuwa mwanamke wa kucheka. Wana wetu wawili walikuwa wameshaoa na kuhamia kwingine, kwa hiyo nyumbani tulibaki mimi na kitinda mimba wetu, Chepng'eno, aliyekuwa na miaka kumi na sita. Nilimlea kwa namna niliyoijua. Karo ililipwa kwa wakati, chakula kilikuwapo, na maagizo yalikuwa wazi.

Alipomaliza shule ya upili nilimtafutia nafasi katika chuo cha ualimu. Sikumuuliza. Kwani ilikuwa na haja gani ya kumuuliza? Ualimu ni kazi ya heshima, ina barua ya kuajiriwa, ina pensheni. Alinyamaza, akaenda. Nami nikachukulia kunyamaza kwake kuwa ni kukubali. Kumbukeni jambo hilo, maana nitalirudia.

Mwaka jana, siku ya soko, nilipanda bodaboda kwenda Roret kutafuta mbolea. Tulipokaribia mjini mnyororo wa pikipiki ukakatika. Dereva aliisukuma hadi kwenye karakana moja ya mabati kando ya barabara, nami nikimfuata kwa miguu, koti langu mkononi. Akaita, "Fundi! Fundi, toka, kuna mgonjwa!"

Fundi akatoka chini ya pikipiki nyingine, amelala chali, akijivuta kwa visigino. Ovaroli ya buluu. Grisi hadi kwenye nyusi. Nilikuwa nimeanza kusema habari yako kijana, kabla sijaona kwamba alikuwa Chepng'eno wangu!

Hakukimbia. Alisimama, akafuta mikono, akasema, "Baba. Karibu. Hiyo chain tutaweka sasa hivi, dakika kumi."

Dakika kumi! Binti ambaye kwa hesabu yangu alikuwa darasani akijifunza kufundisha watoto! Ilibainika kwamba alikuwa ameacha chuo muhula mzima uliotangulia. Kila Jumatatu aliaga nyumbani na begi la vitabu, akaishi kwa rafiki yake pale Roret, na ndani ya begi hilo mlikuwa na ovaroli. Aliyekuwa akimfundisha ufundi ni kijana mmoja anayeitwa Omondi. Babake Omondi alikuja zamani kutoka upande wa ziwani kufanya kazi katika kiwanda cha majani chai, naye Omondi alizaliwa huku huku, kwenye nyumba za wafanyakazi.

Mtu mwingine angempigia binti yake kelele pale pale, wakagombana, wakalia, yakaisha. Mimi sikumpigia kelele. Nilirudi nyumbani, nikatoa jalada jipya la kahawia, nikaandika jina lake juu yake kwa herufi kubwa, nikamfungulia faili.

Najua mtashangaa. Lakini mtu hutumia chombo anachokijua. Ofisini, mtumishi akikosea, huandikiwa onyo la kwanza, kisha la pili, kisha huandikiwa barua ya kumtaka ajieleze katika muda wa siku kumi na nne kwa nini asichukuliwe hatua. Ni utaratibu wa haki. Hauna matusi wala kofi. Niliamini kwamba nilikuwa nikimtendea binti yangu haki kuliko majirani wanaoshika fimbo.

Onyo la kwanza lilimwamuru arejee chuoni katika muda wa siku saba. Nililiweka kando ya sahani yake wakati wa chakula. Alilisoma hadi chini, kwenye sahihi yangu, akaniangalia.

"Baba, hii ni barua ama ni summons?"

Nilimjibu kwamba atie sahihi kuonyesha amepokea. Akacheka. Alicheka kicheko cha mamake, nami nikakichukulia kuwa dharau. Asubuhi niliikuta barua hiyo jikoni, imekunjwa mara nne, imewekwa chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza. Meza ilikuwa imetulia... lakini mimi sikutulia! Niliandika tukio hilo katika faili, ukurasa wa tatu.

Onyo la pili lilimhusu Omondi. Nilikuwa nimemwona akimleta hadi langoni kwa pikipiki, wakasimama pale wakizungumza, hawana haraka, kama watu ambao jua ni mali yao. Nilimtaka binti yangu akomeshe mazoea hayo. Niliandika pia mambo fulani kuhusu watu wa upande wa kijana huyo, mambo ambayo wazee wengi wa huku huyasema na ambayo sitayarudia hapa. Yamo kwenye nakala yangu, ukurasa wa tano, kwa mwandiko wangu. Siwezi kuyakana.

Onyo hilo hakulicheka. Alilisoma, akainuka, akaenda kukamua ng'ombe, na kwa majuma mawili tulizungumza habari za ng'ombe tu.

Ndipo nikaandika barua ya tatu. Ajieleze kwa maandishi, katika muda wa siku kumi na nne, kwa nini asiondoke nyumbani kwangu.

Siku zilipita. Nilimwona akiandika mezani, akirarua, akiandika tena. Siku ya kumi na nne ilifika hadi jioni bila jibu. Siku ya kumi na tano, asubuhi, nilipokuwa nikinywa chai, aliweka bahasha kando ya kikombe changu.

Baada ya kustaafu nilikuwa nimejinunulia mhuri wangu mwenyewe mjini Kericho, ule wa kuzungusha tarehe. Niliutumia kwa stakabadhi za majani na barua za kanisa. Niliuchukua, nikaugonga juu ya bahasha, na chini ya tarehe nikaandika kwa kalamu: Imechelewa. Kisha nikaitoboa bahasha, nikaifunga ndani ya faili yake. Ukurasa wa saba.

"Hujasoma," akasema.

Nikamwambia muda umekwisha.

"Baba, ni siku moja."

Nikamwambia kwamba siku moja ni siku.

Nilifikiri atalia, au atanitukana, na nilikuwa tayari kwa yote mawili. Badala yake aliondoa vikombe, akaviosha, akavifunika. Siku iliyofuata alikuwa amehamia Chebunyo, kwa mdogo wangu Joel, ambaye ni mfugaji.

Na mimi nilifanya nini? Nilikunywa chai yangu! Nilisema moyoni kwamba utaratibu umefuatwa.

Majuma kadhaa baadaye Joel alinipigia simu. Alisema kuna jambo la Chepng'eno ambalo linanihitaji mimi mwenyewe, na kwamba siku zinakwenda. Nikamkatiza. Nilimwambia kwamba mambo yote ya Chepng'eno yaletwe kwangu kwa maandishi.

Joel akacheka kwa uchungu. "Maandishi? Wewe mzee, mimi ni mtu wa ng'ombe. Hapa Chebunyo karatasi tunafungia sukari! Si uje tu tuongee?"

Nikarudia: kwa maandishi. Akasema, "Basi, ndugu yangu. Usiseme hukuitwa."

Hakupiga tena.

Mwezi mmoja baadaye, nilikuwa nimepanga foleni na majani yangu katika kituo cha kununulia, pamoja na majirani. Mama Chelangat, ambaye shamba lake limepakana na langu, akanijia amenyoosha mikono yote miwili.

"Chamgei, boiyot! Hongera! Na wewe ni mbaya, unafanya koito kimya kimya hivyo? Uliogopa tutamaliza mursik yenu?"

Kwa wasomaji wasiotoka kwetu, nieleze. Chamgei ni salamu yetu, boiyot ni mzee, na mursik ni maziwa ya mgando ya kibuyu. Koito ni siku ambayo ukoo wa kijana huja nyumbani kwa msichana kumwomba rasmi. Koo mbili hukaa zikitazamana, watu hujitambulisha, mahari hujadiliwa, na mwishowe wazee huwapaka wawili hao siagi kichwani na kuwabariki. Baba wa msichana ana kiti chake siku hiyo. Ana kiti kimoja tu kwa kila binti, mara moja tu. Nami nilikuwa na binti mmoja.

Nikamuuliza Mama Chelangat koito gani. Furaha ikamtoka usoni polepole.

"Ya Chepng'eno..." akasema. "Kule Chebunyo, Jumamosi iliyopita. Dada yangu alipika. Si wewe ulikuwa... Haki, mzee, nisamehe. Nilidhani ulikuwa."

Wanawake waliokuwa wakipiga soga juu ya magunia yao wakaanza kutazama majani kana kwamba hawajawahi kuyaona. Mzee mmoja akakohoa. Je, mnajua aibu ya mtu kuambiwa habari za binti yake kwenye foleni ya majani chai? Nilipimiwa majani yangu, nikachukua stakabadhi yangu, nikaondoka nikiwa nimenyooka mgongo. Nilipofika kwenye kona ambako hawangeweza kuniona, nilishika nguzo ya ua kwa mikono miwili.

Nilikuwa nimesalitiwa! Hivyo ndivyo nilivyoamini. Ndugu yangu mwenyewe, tumbo moja, amekalia kiti changu. Binti yangu ametolewa kama yatima wakati baba yake yu hai. Nikaazimia kuwashtaki wote wawili mbele ya wazee wa ukoo na wazee wa kanisa, kwa maandishi, na viambatisho.

Nikatoa faili ili nitayarishe ushahidi. Kwa mpangilio. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu... hadi wa saba. Bahasha. Msimamizi wa masjala hawezi kuambatisha hati asiyojua ndani yake mna nini. Ni kwa sababu hiyo tu, wala si kwa sababu ya upendo, niliifungua barua ya binti yangu.

Nainakili jinsi alivyoiandika.

"Baba. Nimeandika hii barua mara nne nikirarua. Zile zingine nilijaribu kuandika kama wewe nikashindwa, ndio maana imechelewa. Pole.

"Unauliza kwa nini niliacha chuo. Unakumbuka ile siku mama alizidiwa? Wewe ulikuwa ofisini unapeana mafaili kwa mtu wa kuchukua kazi yako. Tulimpeleka na pikipiki, mimi nikimshikilia nyuma. Tukafika pale kwa mlima ikazima. Dereva hakujua shida ni nini. Tulikaa hapo kwa barabara masaa mawili, mvua inanyesha, mama amelala kwa mapaja yangu. Halafu akakuja mtu mmoja anapita tu, akaangalia, akatoa waya moja, akasafisha, akarudisha. Ikawaka. Baba, ilikuwa kitu kidogo kama kucha. Sisemi mama angepona. Nasema tu sitaki kukaa tena kwa barabara na sijui. Nikiwa pale Roret na spana kwa mkono siogopi. Kwa darasa nilikuwa naogopa kila siku.

"Omondi anataka kuleta wazazi wake. Uncle Joel amesema ni wewe unafaa kukaa hapo na mimi nataka ni wewe. Nitangoja hadi Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao. Kama hutajibu nitajua umekataa na uncle atakaa kwa kiti yako.

"Lakini baba, kitu moja. Wewe ulikuwa aje ukiwa na miaka yangu? Mama alikuwa anapenda kutuambia. Anaanza kucheka, halafu wewe unamwangalia, ananyamaza. Hata kama utakataa Omondi, niambie tu hiyo."

Niliisoma mara moja. Sikuweza kuisoma mara ya pili.

Alikuwa ameniita! Kwa maandishi, kama nilivyotaka, na siku akanitajia. Nami niliigonga mhuri, nikaitoboa, nikaifunga. Na yeye akachukulia kunyamaza kwangu kuwa ni kukataa, sawasawa na mimi nilivyochukulia kunyamaza kwake kuwa ni kukubali. Nani aliyemfundisha kusoma ukimya vibaya hivyo, kama si mimi?

Nilikaa na swali lake. Nilikuwaje nikiwa na miaka yake? Nawaambieni ukweli, sikukumbuka. Nilijaribu! Nilichopata kichwani ni orodha tu: mwaka wa kuajiriwa, cheo, kituo. Kijana mwenyewe hakuwamo. Mke wangu ndiye aliyekuwa akikumbuka kwa niaba yangu, na nilikuwa nimemzoeza kunyamaza.

Ndiyo maana nikaenda kwenye sanduku lake la bati, ambalo sikuwa nimelifungua tangu tulipomzika. Nilitafuta picha, nikidhani picha itanisaidia. Chini kabisa, ndani ya kitambaa chake cha kichwani, kulikuwa na karatasi tatu zilizotobolewa pembeni kama zinavyotobolewa karatasi za faili.

Hapa ndipo maungamo yangu yanapoanza, na ninayafanya kwa mara ya kwanza.

Nilisema kwamba hakuna faili iliyopotea mikononi mwangu. Ni kweli, faili haikupotea. Lakini nilipopandishwa cheo nikakabidhiwa ufunguo wa masjala, nilifungua faili yangu mwenyewe nikazing'oa karatasi hizo tatu. Nilibadilisha namba za kurasa zilizofuata ili pengo lisionekane. Nilizileta nyumbani nikampa Tabutany azitie motoni. Nilimwona akienda nazo jikoni.

Hakuzitia motoni. Alizificha kwa zaidi ya miaka thelathini!

Karatasi ya kwanza ni barua ya kunitaka nijieleze, katika muda wa siku kumi na nne, kwa nini nilitoweka kazini siku tatu bila ruhusa. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, karani wa kunakili.

Ya pili ni jibu langu. Mimi, ninayewafundisha watu kuandika barua! Lina mistari miwili. "Nilikuwa Soin. Kuna msichana, na sijui namna ya kueleza."

Ya tatu ni kijikaratasi cha karani mkuu wa wakati huo, mzee mkali ambaye sote tulimwogopa. Ameandika: "Jibu limechelewa siku tisa. Limepokelewa. Ni kijana. Aendelee na kazi."

Siku tisa!

Hapo yakanirudia yote. Jumatatu moja nilipata habari kwamba Tabutany anaombwa na mwalimu mmoja mwenye baiskeli na shamba. Niliacha mashine ya chapa na karatasi ikiwa ndani yake, katikati ya sentensi. Niliteremka hadi Soin kwa lori na kwa miguu, nimevaa sweta nzito ya baridi ya Kericho katika joto lile la bondeni, na sikuivua kwa sababu shati langu la ndani lilikuwa limeraruka na sikutaka babake Tabutany alione. Nilisimama kando ya josho la ng'ombe siku tatu nikimngoja mzee huyo. Watu walinicheka. Msichana mmoja aliniuliza kama nimekuja kuogeshwa pamoja na ng'ombe.

Siku ya tatu mzee akasimama mbele yangu, akauliza, "Wewe kijana, unataka nini kwangu?" Mimi nilikuwa nimetunga hotuba nzima. Nilifungua mdomo... nikalia. Nililia mbele ya ng'ombe na wachungaji wao, kamasi zikitiririka! Tabutany alikuwa akitazama kutoka nyuma ya ua. Hicho ndicho alichokuwa akicheka maisha yake yote. Na ndicho nilichokuwa nikimnyamazisha asiwaambie watoto wetu.

Sikuwa na mpango. Sikumsikiliza mtu. Nilihisi kwamba nisipokwenda siku ile ile nitakufa, na hakuna mkubwa yeyote ambaye angeweza kunieleza vinginevyo. Je, binti yangu alifanya nini zaidi ya hapo? Alifanya kidogo kuliko mimi! Yeye aliandika barua ndefu, yenye sababu, na akachelewa siku moja.

Niliketi nikamwandikia jibu. Kurasa tatu, bila namba ya kumbukumbu, bila kichwa cha habari. Nilimweleza juu ya sweta. Nilimweleza juu ya kamasi. Nikaambatisha zile karatasi tatu.

Nilikwenda Roret mwenyewe, katikati ya juma, maana siku za kazi bado alikuwa karakanani, nimevaa koti langu la ofisini kwa sababu sikujua nivae nini kingine. Mafundi wenzake waliponiona wakaanza utani. "Fundi! Customer wako leo ni wa suti! Mtoze mara mbili!" Omondi akatazama, akanitambua, akawanyamazisha kwa jicho. Alipindua kreti ya soda, akaipangusa kwa kiganja, akaniwekea. "Karibu, mzee wangu. Keti hapa, hapo kuna oil." Kisha akaondoka bila kuambiwa. Huyo ndiye kijana niliyemwandika katika ukurasa wa tano.

Chepng'eno alifuta mikono yake muda mrefu, kidole kwa kidole, kabla ya kuzipokea karatasi. Alisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye kijikaratasi cha karani mkuu, midomo yake ikacheza.

"Mama ndiye alificha hizi?"

Nikaitikia.

"Ulilia kwa josho?"

Nikasema ndiyo, mbele ya ng'ombe.

Akacheka! Kile kile kicheko cha mamake. Kwa dakika moja nilidhani kila kitu kimepona. Kisha kicheko kikakatika.

"Uncle Joel alinipaka siagi hapa," akasema, akigusa utosi wake. "Watu wanaimba, wanafurahi... Baba, mimi nilikuwa naangalia gate. Hadi wakamaliza. Naangalia tu gate."

Nilitaka kumwambia kwamba sikujua. Lakini nilijua jibu lake: barua ilikuwa nami. Ina mhuri wangu na tarehe yangu. Nilijitengenezea ushahidi dhidi yangu mwenyewe, na ulikuwa umehifadhiwa vizuri sana.

Nikamuuliza kama atarudi nyumbani, hata kwa Jumapili moja, yeye na Omondi. Alizikunja karatasi, akazitia kwenye mfuko wa kifuani wa ovaroli.

"Nitakujibu," akasema. "Nipe siku kumi na nne."

Akarudi chini ya pikipiki.

Sijui kama alikuwa akinikejeli au akinihurumia. Nimelifikiria kila siku tangu hapo, na kila siku ninapata jibu tofauti.

Joel nilimwendea Chebunyo kumwomba msamaha. Aliniambia kwamba siku ya koito alikuwa ameweka kiti cha pili kando yake, na kwamba hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Kilibaki kitupu hadi wageni wakaondoka.

Wazee wenzangu, nawasihi. Kabla hujamtaka mtoto wako ajieleze, jieleze wewe kwanza. Usimweleze kijana uliyemtunga ili uwaonye watoto, yule aliyeamka alfajiri na kutii kila neno. Mweleze yule halisi. Yule aliyetoroka kazini, aliyechelewa kujibu, aliyelia kando ya josho. Kama umemsahau, muulize mke wako angali hai, umwache acheke hadi amalize! Mimi nilimng'oa kijana huyo katika faili yangu, kisha nikamhukumu binti yangu kwa kuwa kama yeye.

Na kwenu vijana mnaosoma haya: mkiona wakubwa wenu wanawaandama kwa sheria na taratibu, huenda kuna karatasi waliyoificha. Waulizeni kama Chepng'eno alivyoniuliza. Msichoke upesi.

Ile faili ya kahawia ningali nayo, kwa sababu sitang'oa tena ukurasa wowote, hata ule wa tano. Lakini mhuri nimeutupa.

Leo ni siku ya kumi na saba. Bado hajajibu. Asubuhi nilifagia njia kutoka langoni hadi mlangoni, kisha nikaweka viti viwili barazani kando ya changu. Karani mkuu alinisubiri siku tisa juu ya kumi na nne, na hakuwa baba yangu.